Sahihi ya Siku ya Mazishi

Ukungu wa Mogogosiek hauna haraka. Huingia kabla ya jogoo wa pili, hutandaa juu ya majani chai kama mgeni aliyezoea nyumba, na hauondoki mpaka uamue wenyewe. Asubuhi hiyo ulikuwa mzito hata Ogoti Mokaya, aliyekuwa ameketi barazani na kikombe chake, akasikia sauti ya mtu kabla ya kumwona.

"Chamgei, Mzee Ogoti!"

"Chamgei mising, Bwana Naibu. Karibu, ijapokuwa sikuoni."

"Utaniona tu." Naibu wa chifu alichomoza kwenye ukungu kipande kwa kipande, kwanza viatu vya gambuti, kisha koti, mwishowe bahasha ya kaki aliyoikumbatia kifuani isilowe. "Bunge limekusalimia. Uko na tai?"

"Niko nayo moja. Ya harusi."

"Harusi ya nani?"

"Yangu."

"Ai! Hiyo sasa ni ya makumbusho." Akacheka, akaketi, akapokea chai. Kisha uso wake ukabadilika. "Ni mambo ya wanaojitolea kukaa na watoto. Kuna mahali, mbali na huku, mtu alipewa watoto achunge na hakuna aliyejua ametoka wapi. Sasa kamati ya Bunge inauliza wizara, wizara inaniuliza mimi, na mimi nakuuliza wewe."

"Nawe unaniuliza nini?"

Naibu akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na orodha ya watu arobaini na watatu, na kando ya kila jina sahihi ya Ogoti mwenyewe. Mwishoni kulikuwa na safu tupu yenye neno moja juu yake: *Ulijuaje?*

"Kila jina, Mzee. Uliandika mtu huyu ana tabia njema. Wanataka kujua ulijuaje. Wiki mbili, halafu uende Kericho mwenyewe ukaeleze."

Alipoondoka, ukungu ulimfunika tena kuanzia juu kwenda chini, gambuti zikawa za mwisho kupotea.

Ogoti alikuwa mzee wa kijiji kwa miaka kumi na tisa, kazi isiyo na mshahara wala likizo. Alikuja upande huu akiwa bado amebebwa mgongoni, baba yake alipotoka vilima vya Nyamira kuja kuchuma chai. Alisoma mpaka kidato cha nne, akachuma, akanunua kipande chake, akaoa Bilhah. Hakuwa msemaji. Watu walimchagua kwa sababu alikuwa na daftari, na kwa sababu daftari lake halikuwahi kusikika likisema.

Kila aliyetaka kujitolea kufundisha watoto wa kanisani, au kuchunga wadogo mama zao wakiwa mashambani, alipitia kwake kwanza. Lakini Ogoti hakumhoji mtu. Aliamini kwamba mtu akiulizwa habari zake huvaa nguo za Jumapili. Yeye alikwenda kituo cha majani chai, pale wakulima wanapoleta magunia na kungojea lori la kiwanda, akakaa kwenye benchi la mwisho. Lori likifika mapema, alirudi nyumbani bila kuandika neno. Lori likichelewa kwa saa tatu au nne, majani yakianza kunyauka na mvua ya mchana ikikaribia, hapo watu walijifunua. *Nyagaka: mvua ilianza, alifunika majani ya mjane kabla ya yake.* *Mogaka: alisukuma gunia la mwenzake nje ya foleni, kisha akaangalia kama kuna aliyeona.* Nyagaka alipewa sahihi. Mogaka aliambiwa arudi mwaka ujao, na hakuelewa kamwe kwa nini.

Jioni Bilhah alikuwa akipita nyuma ya kiti chake na kumuuliza, "Umeandika?" Naye alijibu, "Nimeandika." Ndiyo ilikuwa sala yao ya jioni.

Alijaza safu ile kwa siku nne. Alipanga madaftari mezani kwa miaka, akafungua, akanakili. Kila jina lilimletea siku yake nzima: harufu ya majani yaliyolowa, vicheko vya benchi, mtu fulani aliyekwisha kufa akiomba ugoro. Wakati mwingine alisinzia kalamu ikiwa mkononi, akamwona Bilhah akija katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, asikaribie wala asipotee.

Jina la thelathini na moja lilikuwa la Esnah Bochaberi. Tarehe ilikuwa kumi na saba Aprili, elfu mbili kumi na tisa.

Alifungua daftari la mwaka huo. Kumi na sita Aprili palikuwa na maandishi. Kumi na nane palikuwa na maandishi. Katikati yake palikuwa na ukurasa mweupe kabisa.

Ilikuwa siku aliyomzika Bilhah.

Jamaa walikuwa wametoka Nyamira kwa hasira, wakisema mtu wao hulala kwao. Ogoti alisema mara moja tu, "Kwake ni hapa," na kaburi likachimbwa hapo chini ya mistari ya chai aliyokuwa akiichuma. Hayo alikumbuka. Mvua alikumbuka. Lakini kutia sahihi? Alitafuta kichwani mwake kama anayetafuta kitasa gizani, asikipate. Esnah hakuwa na chai. Hakuwahi kuleta gunia kituoni. Alikuwa amefika mtaani miezi miwili tu kabla ya siku hiyo. Hakuna mahali ambapo Ogoti angemwona akingojea lori.

Na kwa miaka sita mwanamke huyo alikuwa amekaa na watoto ishirini na wawili, kila siku ya kazi, kwenye nyumba ndogo ya mabati nyuma ya kanisa.

Angeweza kuandika chochote. *Alifunika majani ya jirani.* Nani angejua? Kalamu ilikaa juu ya karatasi mpaka wino ukaanza kuvuja nukta. Akaifunga, akachukua kofia.

Alifika saa sita na nusu, wakati wa usingizi. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati, ile mvua ya kila siku isiyotisha mtu. Watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka sakafuni, vichwa upande mmoja, miguu upande mwingine, kama majani yaliyotandazwa yapoe. Esnah alikuwa ameketi mlangoni, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, akishona kifungo cha shati dogo. Aliweka kidole mdomoni.

"Sauti ya chini, Baba Kebaso," alinong'ona. Kebaso alikuwa mtoto wa kwanza wa Ogoti, na mtaani wengi walimwita hivyo. "Huyo wa mwisho nimembembeleza na nyimbo tisa. Ukimwamsha utaimba ya kumi wewe."

Ogoti akaketi kwenye kigoda. Akamweleza yote, polepole, orodha na safu na ukurasa mweupe. "Sikumbuki kukutilia sahihi," akamaliza. "Sikukujua."

"Najua hukunijua," Esnah akasema. "Nilikuja kukupa pole. Fomu ilikuwa kwenye kiondo; nilipanga nikuletee wiki inayofuata. Siku hiyo watu walikuwa wanakuletea karatasi tu, za hema, za viti, za mchele. Uliiona yangu ikitokeza, ukanyoosha mkono ukaitia sahihi. Halafu ukaniuliza, 'Hii ni ya chakula?'"

Ogoti alifunika uso kwa kofia. Mabega yake yalitikisika, na Esnah hakujua kama ni kicheko au kilio, wala yeye mwenyewe hakujua.

"Kwa nini hukurudi?"

"Nilirudi mara tatu. Mara zote ulikuwa umelala kwenye kiti mchana, daftari kifuani. Nikaona nikuache. Kisha nikaogopa." Akakata uzi kwa meno. "Kwa sababu kama ungeniuliza, ningekwambia. Nyamira nilikuwa nachunga watoto vilevile. Mvua ikaanza, nikatoka kuanua nguo. Dakika mbili, Baba Kebaso. Mtoto mmoja akavuta sufuria ya uji. Mkono huu wote." Akapitisha kiganja kwenye mkono wake kutoka kiwiko mpaka vidoleni. "Alipona, lakini kovu liko. Wazazi walinisamehe. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa pale."

Mvua ikazidi. Mtoto mmoja akageuka, akanung'unika, akatulia. Ogoti alitazama ndani kwa muda mrefu, na macho yake yakatua pembeni, kwenye mafiga. Kuyazunguka kulikuwa na uzio wa fito uliofika kiunoni, umefungwa kwa kamba kwa ustadi, na mlango wake ulikuwa na komeo la juu ambalo mkono wa mtoto haulifikii. Alikuwa ameuona uzio huo kwa miaka sita. Siku zote alidhani ni wa kuzuia kuku.

"Uliujenga lini?"

"Wiki ile uliyotia sahihi. Nilijua hukusoma. Basi kila siku nimefanya kazi nikijiambia, leo ndiyo Mzee atakuja kusoma." Akatabasamu kidogo. "Umechelewa, lakini umekuja."

"Nikiandika ukweli watakutoa hapa."

Esnah aliutazama mstari wa miguu midogo kwenye mikeka, akauhesabu kwa macho, mpaka mwisho. "Andika," akasema. "Ila usiandike mimi ni mnene. Hilo waje wajionee."

Kamati ilikaa katika ukumbi mmoja mjini Kericho. Ogoti alivaa tai ya harusi. Mlangoni alipokewa na karani wa kamati, msichana mtulivu aliyejitambulisha kwa jina la Rachael, mwenye kalamu tatu mfukoni za rangi tatu. Ogoti aliziona kalamu hizo, moyo wake ukatulia kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini.

"Mzee, sogea karibu na kipaza sauti," Rachael akamwambia. "Kisichosikika hakiandikwi. Na ukinyamaza, kimya hakina mahali kwenye kumbukumbu za Bunge."

"Hata kirefu?"

"Hata kirefu, baba."

Mheshimiwa mmoja alisoma fomu yake, akainua miwani. "Yaani watu arobaini na wawili umewajua kwa kungojea lori?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lori likichelewa kwa saa tano, hata wewe nitakujua."

Ukumbi ukacheka, na mheshimiwa pia. Kisha akashuka mpaka jina la thelathini na moja, akasoma kwa sauti yale Ogoti aliyoandika: *Sikujua. Nilitia sahihi siku ya mazishi ya mke wangu bila kusoma. Kosa ni langu. Nimemuuliza sasa, miaka sita baadaye. Mtoto aliungua mkono akiwa chini ya uangalizi wake mahali pengine. Hapa amezungushia moto uzio. Nimeupima, unafika kiunoni kwangu.*

Akaiweka fomu mezani.

"Mzee Ogoti, leo ungemtilia sahihi?"

Ogoti alinyamaza. Alimwona Rachael akiinua kalamu na kungoja. Mbele ya macho yake ukumbi ulififia kidogo, meza ndefu zikawa mistari ya chai, na mtu aliyebeba kikapu akasimama mwisho wa mstari bila kugeuka.

"Leo ningeuliza kwanza," akasema hatimaye. "Na nimeuliza. Ningetia, Mheshimiwa. Na ule mkono wa mtoto ningeuandika papo hapo kando ya sahihi."

Kalamu ya Rachael ikashuka.

Uamuzi ulikuja kwa barua mbili. Ya kwanza ilimwondoa Ogoti kwenye orodha ya wanaotia sahihi. Naibu wa chifu aliileta mwenyewe, akakaa muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji, bila mzaha hata mmoja. Ya pili ilimtaka Esnah akae nyumbani mpaka polisi wachunguze habari zake kwa alama za vidole na kwa watu wa Nyamira. Alikaa wiki saba. Mama mmoja kijana aitwaye Janefer alishika watoto siku hizo, na Esnah hakukanyaga pale, ila kila alasiri alipita njia ya juu, akasimama mahali ambapo uzio wa moto unaonekana kupitia mlangoni, akaangalia komeo, akaenda zake.

Jumatatu ya wiki ya nane alipita kwa Ogoti asubuhi, shuka la watoto likiwa begani.

"Polisi wamepiga simu mpaka kwa mama wa yule mtoto," akasema akiwa bado njiani. "Unajua alisema nini? Alisema kama ningekuwa karibu angeniletea na mdogo wake."

"Karibu chai."

"Nimechelewa kazini, Baba Kebaso. Wako ishirini na wanne sasa." Naye akazama kwenye ukungu, shuka likibaki jeupe kwa muda kidogo, kisha nalo likaenda.

Ogoti aliingia ndani, akatoa daftari la mwaka elfu mbili kumi na tisa. Hakuwa tena mzee wa kutia sahihi. Hakuna aliyemngojea, wala yeye hakungoja lori lolote. Akafungua ukurasa mweupe, akaandika taratibu kwa herufi zake ndogo:

*17 Aprili. Mvua tangu saa nne. Jamaa walikuja na hasira, wakaondoka bila hasira. Nimemzika Bilhah chini ya mstari wa tatu. Mwanamke mgeni alikuja kunipa pole na karatasi kwenye kiondo. Sikuisoma. Ni mtu mwema, nilijua baadaye.*

Akaacha mstari mmoja mtupu, mahali pa kimya, kisha akamalizia chini yake:

*Nimeandika.*