Kuifuata Video ya Mama Mdogo Hadi Lupiro

Sikusafiri kwenda kutembea. Nilisafiri kwa sababu ya video ya sekunde kumi na mbili, ambayo na mimi niliisambaza.

Ilinifikia Jumatatu asubuhi nikishona kibandani kwangu, Morogoro mjini. Mwanamke anatoka mbio uwanjani kwa watu na gunia kichwani, huku sauti zinapiga kelele: "Kimbia mama, kimbia!" Juu yake pameandikwa: Mwizi wa mpunga mchana kweupe. Nilicheka, nikaituma kwenye kundi letu la mafundi cherehani na kwa wateja kadhaa. Jioni dada yangu akanipigia. "Umemwangalia vizuri huyo mama?" Nikaifungua tena. Alikuwa mama mdogo Fidesi wa Lupiro, aliyetulea mama alipokuwa mgonjwa.

Jumatano nikapanda basi la kwanza.

Saa tano nilishuka Sanje kwa Sabasi, binamu yangu wa upande wa baba, anayeuza ndizi kando ya barabara. Yeye ndiye aliyenitumia video ile. Hakuwa amewahi kumwona mama mdogo.

"Dada, mimi nimeikuta tu kwenye kundi la wafanyabiashara," alisema, macho yakiwa kwenye mikungu yake. "Aliyeileta kaitoa kundi jingine." Alipiga simu tatu, nne. Mwisho akaambiwa aliyeipiga ni Issa, bodaboda wa Katindiuka, Ifakara.

Katindiuka nilifika saa nane. Issa alikuwa kijiweni, akainuka kabla sijamaliza kujieleza.

"Dada, kama umekuja na polisi, nisikilize kwanza."

Akanionyesha video yake yote, aliyoipiga Lupiro alikopeleka abiria, huku akinieleza. Mvua inaanza ghafla. Mpunga wa jirani, mzee Linusi, umeanikwa kwenye turubai na mwenyewe amempeleka mkewe hospitali. Mama mdogo anauzoa kwa mikono, anaujaza guniani, anakimbia nao kuuingiza kwake, na wanaopiga kelele wanamhimiza. Mwisho mzee Linusi anarudi, anamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mimi niliandika 'Jirani mwema', nikaituma kundini kwetu," alisema Issa. "Iliporudi kwangu ilikuwa imeshakatwa, ina maneno hayo. Nani kayaweka, sijui."

"Ukafanya nini?"

"Nikanyamaza. Watu walikuwa wanaifurahia."

Nilitaka kumgombeza, nikakosa pa kuanzia. Akanipakia kwenye pikipiki yake, tukavuka daraja la mto Kilombero.

Lupiro, saa kumi. Mama mdogo alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniona, au kunitazama?"

Alituandalia chai, akarudi kwenye ungo wake. Akasema mzee Linusi amepita nyumba hadi nyumba kueleza. "Hapa wananijua. Shida ni kule nisikojulikana. Juzi nilikwenda Ifakara mashineni, mama mmoja akanitazama, akavuta mfuko wake karibu."

Issa alimwomba radhi, kisha nikasema: "Mama mdogo, na mimi niliisambaza."

Ungo ulisimama. "Kabla hujanitambua, au baada?"

"Kabla."

"Basi ulimcheka mtu mwingine," alisema taratibu. "Angekuwa kweli huyo mwingine, leo ungekuwa Morogoro unashona."

Alinimiminia chai tena, na hilo ndilo lililoniliza.

Kwa ruhusa yake, Issa aliituma video nzima pale pale. Asubuhi yake Issa alirudi, tukaangalia simu yake wote watatu. Wachache walikuwa wameifungua, na hakuna aliyeipeleka mbele. Ile iliyokatwa ilikuwa bado inatembea.

Ijumaa nilirudi Morogoro. Njiani nilifikiri sana juu ya Issa, Sabasi na mimi. Hakuna kati yetu aliyemchukia yule mwanamke. Sabasi na mimi tuliipokea, tukacheka, tukaisogeza kwa wenzetu bila kuuliza ni nani; Issa, aliyejua ukweli, alinyamaza. Uongo haukuhitaji watu wabaya, sisi tulitosha.

Kila niliyemtumia, nilimtafuta. Kundini niliandika, wengine niliwafuata mmoja mmoja. Mteja wangu wa kwanza alinitazama akishangaa.

"Video ipi, dada? Mbona ziko nyingi."

Ilikuwa imeshamtoka kichwani. Nikavuta kigoda, nikaanza kumweleza: anaitwa Fidesi, anaishi Lupiro, na siku ile mvua ilikuwa inaanza.