Kura Mbili za Bibi

Kuna mlio mmoja ambao hata niwe jikoni na vyombo vinagongana, lazima niusikie. Ni mlio wa karatasi ya daftari inayokunjwa, inapitishiwa ukucha kwenye mkunjo, inalambwa kidogo kwa ulimi, halafu inachanwa taratibu ili isiende upande. Juzi niliusikia nikiwa nasonga ugali. Nikachungulia. Mwanangu Ezekia, yuko darasa la pili, alikuwa amekaa mlangoni kwetu hapa Tunduma, vipande vya karatasi vimejaa kwenye mfuniko wa sufuria yangu. Kila kipande alikuwa ameandika jina lake, kila kimoja akiiga mwandiko wa mwenzake mmoja wa darasani.

"Unafanya nini na daftari la hesabu?"

"Tumepigishwa kura ya mwizi, mama. Kalamu ya mwalimu imepotea. Mimi nimekuwa wa kwanza."

Alisema "wa kwanza" kama anayenipa matokeo ya mtihani. Kisha akainua kipande kimoja. "Hii K niliiona kwenye kura moja, ni kama ya Baraka. Unadhani ni Baraka aliyeniandika?"

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa barabarani, yanamkagua kila mtoto anayepita. Ndugu msomaji, sijui kama umewahi kuona macho ya marehemu kwenye uso wa mtoto. Mimi niliyaona, na hasira iliyonipanda sikujua pa kuipeleka. Ugali uliungua. Acha uungue. Ngoja kwanza nikusimulie macho hayo yalitoka wapi.

Nilizaliwa upande wa Itaka, kwenye kahawa. Mtu asiyekulia huko anadhani kahawa inanukia. Sisi tulikua na harufu ya maganda yanayochacha kwenye shimo nyuma ya nyumba, chachu kali inayoingia hadi kwenye blanketi, na mpaka leo nikiisikia mahali nasikia njaa, kwa sababu msimu wa harufu hiyo ndio ulikuwa msimu wa kula wali. Baba yangu, Ezekia mkubwa, alikuwa na mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, na hakuwa nayo peke yake. Aliinunua pamoja na rafiki yake Mzee Yohana. Huyu akizungusha, yule anamimina maji. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na magari yao, hao wawili ndio waliokuwa wakikusanya kahawa za majirani na kuzipeleka barabarani. Baba akanunua pikipiki. Hapo ndipo watu walipoanza kumtazama vizuri.

Yohana alikuwa na binti, Eliza, rika langu. Tulikuwa na mchezo wetu chini ya vichanja vya kuanikia kahawa, tumelala kifudifudi, jua linatupenya kwa milia. Tunachana vikaratasi, kimoja tunaandika MWIZI, kimoja ASKARI, vingine RAIA. Vinakunjwa, vinarushwa, kila mtu anaokota chake na kukificha. Tukifumba macho, mwizi anaiba punje ya kahawa katikati ya duara. Tukifumbua, askari anauliza, na kila mtu ananyoosha kidole kwa anayemshuku. Mwenye vidole vingi anafunua karatasi yake.

Eliza alikuwa ananyooshewa kila mara, maskini. Alikuwa na tabia ya kucheka akiogopa. Mwanzoni tulidhani anacheka kwa sababu ameiba. Tukamfunulia karatasi: RAIA. Tena: RAIA. Hadi tukajifunza kwamba kicheko cha Eliza hakisemi chochote. Halafu tunakunja karatasi upya, tunarusha, tunaanza tena, na aliyekuwa mwizi sasa ni askari. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Hakuna aliyekwenda kulala akiwa mwizi.

Mwaka huo kulikuwa na uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji, na Baba aligombea. Mpinzani wake alikuwa mwenye duka. Baba hakumwamini hata kidogo. Zamani bibi zetu wasiojua kuandika walikuwa wanasaidiwa: unamnong'oneza msaidizi jina, naye anakuandikia. "Anakuandikia nini? Umesoma ukaona?" Baba aliuliza, akitikisa kidole. "Mama, mwaka huu kura yako utaiandika mwenyewe."

Basi akafungua darasa jikoni kwetu. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa Bibi, mama yake mzazi, wa pili na kuendelea ni vikongwe wenzake wa kitongoji. Ubao ulikuwa ukuta, chaki ilikuwa mkaa. Somo lilikuwa neno moja tu, EZEKIA. Baba aliwafundisha kwa Kinyiha, herufi kwa herufi. E ni kichana. Z ni njia ya kupanda mlima. E, kichana tena. K ni mtu anapiga teke, I ni fimbo, A ni paa la nyumba.

"Vichana viwili vya nini na mwenyewe una upara?" Bibi akamuuliza, na jiko zima likaangua kicheko.

Mwanafunzi mmoja alikuwa anaandika teke likielekea nyuma. Baba anamwambia, "Mama, huyo mtu anampiga teke nani? Mgeuze!" Kila jioni ukuta ulijaa jina la baba yangu, kila asubuhi Mama anausiriba upya akinung'unika. Bibi alikuja kuandika vizuri kuliko wote. Alikuwa anaandika hata kwenye majivu, kwa kijiti, huku anasubiri maharage yaive.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Msimu ule kahawa ilikuwa inaibwa vichanjani. Unaanika jioni, asubuhi unakuta mkeka mtupu. Mkutano wa kijiji ukaamua ipigwe kura ya siri ya kuwataja wezi, na kwa kuwa watu watakuwa wamekusanyika shuleni kwa uchaguzi, basi vyote vifanyike siku hiyo hiyo, mgeni msimamizi asije mara mbili. Wakaweka debe kwa ajili ya mwenyekiti na ndoo kwa ajili ya wezi. Kila mtu akapewa karatasi mbili. Msimamizi akaeleza mara moja, kwa Kiswahili cha haraka, upepo unavuma, na mwisho akapiga mkwara: "Karatasi tupu sitaki kuiona! Anayerudisha karatasi tupu anawaficha wezi!"

Bibi yangu Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji.

Sisi watoto tulikuwa juu ya madawati yaliyotolewa nje, tunatazama. Msimamizi alisoma debe kwanza. Ezekia, Ezekia, mwenye duka, Ezekia. Baba ameshinda. Mama akapiga kigelegele, Yohana akamrukia Baba mgongoni kama mtoto. Kisha ikamiminwa ndoo. Majina yalitoka yamesambaa, huyu moja, huyu mbili, wengine walevi tu wanaojulikana. Halafu likaanza kutoka jina la baba yangu. Msimamizi akakohoa. Akafungua nyingine, Ezekia. Nyingine, Ezekia. Watu wakacheka, wakidhani anatania. Kisha wakaacha kucheka.

"Mwizi anataka kutuongoza!" akapiga kelele mtu mmoja upande wa mwenye duka, na hapo mkutano ukawa si mkutano tena.

Sungusungu walikuja kwetu jioni ile ile. Walimwaga kahawa yetu chini, wakapindua kihenge, wakapekua hadi chini ya godoro la Bibi. Hawakuokota kitu, lakini hilo halikumsaidia mtu. Baba alisimama uani na shati lake jeupe la kampeni, na mimi niliona anachofanya: anapitisha macho usoni kwa kila jirani, mmoja mmoja. Nani? Nani aliniandika? Macho yalipofika kwa Yohana, Yohana akainamisha kichwa akatazama ardhi.

Basi. Hapo Baba akamaliza kesi.

Mimi nilikuwa na umri wa kuhesabu kwa vidole, lakini mchezo nilikuwa naujua. Anayecheka si lazima awe ameiba, anayetazama chini si lazima awe ameandika. Nilijua, ila nani anamuuliza mtoto? Baba akajenga hoja yake vizuri kabisa: nani angefaidi nikianguka? Mwenye mashine pamoja nami. Nani anajua safari zangu za barabarani? Yeye. Yohana alikuja mara mbili kubisha hodi, akajibiwa na mbwa. Uenyekiti akapewa mwenye duka. Mashine ikabaki kwa Yohana, Baba hakutaka hata kuigusa. Kabla mvua hazijaanza tukawa tumeshafungasha kuja Tunduma. Bibi alikataa kuondoka. Siku ya safari Eliza alikuja hadi kwenye gari, akasimama pale akicheka, akicheka, machozi yanamtoka. Mama akanivuta mkono. Sikumwona tena mpaka tukiwa watu wazima.

Hapa mpakani Baba aliuza magunia na kamba kwa madereva wa malori. Wazambia walimpenda, "Mulishani, ba Zeki!" wakimsalimia kwa Kibemba wakipita, naye anaitikia kwa meno tu. Ndani alikuwa yuleyule wa uani. Akikaa kula, anapanga upya: labda alikuwa yule, hapana, ni Yohana. Alinisomesha mpaka kidato cha nne, nashukuru, lakini sikumbuki mlo mmoja ambao Yohana hakukaa nasi mezani bila kualikwa. Uchaguzi ukija, Baba hakupiga kura. "Sishiki tena karatasi ya mtu," ndivyo alivyosema.

Alifariki nikiwa na mimba. Kwenye msiba Yohana alikuja toka Itaka, akasimama nje ya turubai, na hakuna aliyempelekea kiti. Mimi mwenyewe nilimwona.

Mtoto alipozaliwa nikampa jina la babu yake, nikampeleka kwa Bibi. Jiko ni lile lile. Bibi alimpakata, akamchezesha, nikamtania: "Bibi, hebu mwandikie kitukuu chako jina, au umesahau?" Akaokota mkaa. Kichana kikatoka, njia ya mlima ikatoka, teke likaelekea mbele kama linavyotakiwa. Alipomaliza paa la nyumba akakaa chini kabisa, na mkaa mkononi.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "walinipa karatasi mbili. Nikaona nimebahatika, nampa mwanangu mara mbili. Yule mgeni akafoka kwamba tupu hataki. Na mimi neno langu ni hili moja. Ningeandika nini?"

Bibi, na wenzake wote wa darasa la jikoni, waliandika neno lile lile kwenye karatasi zote mbili. Ndoo ile ya wezi ilikuwa imejaa mapenzi matupu.

"Kwa nini hukumwambia Baba?"

"Nilielewa wakati wanapindua godoro langu," akasema. "Ningefungua mdomo vipi?"

Siku ile ile nikaenda kwa Yohana. Nilimkuta anazungusha mashine, Eliza anamimina maji. Nilisema yote nikiwa nimesimama, mtoto mgongoni. Yohana hakushtuka. Alifuta mikono kwenye suruali.

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nyuma ya mama yake Ezekia kwenye foleni. Nilimwona anachora vichana kwenye karatasi zote mbili, moja debe, moja ndoo, anatabasamu. Na wenzake walikuwa nyuma yangu, wanamtazama yeye afanyeje. Nikasema moyoni, kura ni siri ya mtu, nitamshikaje mkono mama wa mwenzangu?"

"Na baadaye? Miaka yote hiyo?"

"Baadaye nimwambie nini Ezekia? Kwamba aliyemwangusha ni mama yake? Angemtazama vipi?" Akatazama ardhi, vilevile kama siku ile. "Nikaona bora anichukie mimi. Mimi si mama yake."

Nilimkasirikia. Ndiyo, nilimkasirikia, na nitasema wazi ingawa ni mkubwa wangu: heshima gani hiyo ya kumwacha mtu aende kaburini na adui asiyekuwepo? Nilimkasirikia Bibi, nilimkasirikia Baba aliyeona rahisi kumshuku rafiki wa ujana wake kuliko kumuuliza swali moja. Nilimkasirikia zaidi yule aliyesema karatasi tupu haitakiwi, kana kwamba kutojua ni kosa. Eliza alikuwa anacheka pembeni na ndoo ya maji mkononi. Nikamwendea, nikamkumbatia na maji yake.

Lakini Baba alikuwa ameshazikwa. Hilo ndilo sijaweza kulimeza. Alikuwa na mtu aliyempenda kiasi cha kukubali kuchukiwa badala ya mama yake, naye akaishi na kufa akijiona ni mtu aliyeuzwa na rafiki.

Ndiyo maana juzi ugali uliungua. Kesho yake nilikuwa shuleni kabla ya kengele. "Mama Ezekia, ni utaratibu tu," mwalimu akasema, "na wote waliandika, hakuna aliyeruhusiwa kuacha." Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aniite mkorofi, nimezoea. Nilimtaka alifute jina la mwanangu mbele ya darasa, akalifuta.

Jioni ile Ezekia alikuwa mlangoni tena na vipande vyake. Baraka akatokea barabarani na mpira wa matambara.

"Eze! Oya, unakuja au unaogopa kufungwa?"

Mwanangu hakuinuka. Alikuwa anamtazama, anapima. Nikaokota karatasi zote kwenye mfuniko nikazitia motoni, zikawaka mara moja.

"Nenda ukacheze."

"Na kama ni yeye, mama?"

"Nenda hivyohivyo."

Kisha akainuka, akaenda, polepole, mikono mfukoni, na mimi nikabaki nimeshika mwiko mpaka nilipomsikia anaitisha pasi.