Chupa Kumi za Kwenda Rumonge

Adija aliuza esansi katika chupa za Primus, na wajuba wa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, hawakumwacha apumue kwa hilo. Mwanamke wa swala tano, mtandio kichwani, na mbele yake meza imejaa chupa za bia! "Mama, nifungulie moja ya baridi," walimtania wapita njia, naye aliwajibu kwamba anayetaka kunywa na anywe, atakojoa moto. Ilikuwa miaka ya ambargo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, vituo vya mafuta mjini vilibaki na mabango tu, na esansi, yaani petroli ya magari, ilikuja kwa magendo. Ilivuka ziwa kutoka Kigoma, ilipenya kutoka Uvira, upande wa Kongo, ikaishia katika chupa na madumu kando ya barabara za mitaa.

Wauzaji walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wezi, tuseme ukweli. Walitia mafuta ya taa ndani ya esansi wakauza kwa bei ile ile. Adija hakuchanganya. Kila dumu lililoletwa alilijaribu kwanza: alidondosha tone kwenye kipande cha mfuko wa saruji, akalipepea, akangoja. Esansi safi hukauka na kuiacha karatasi kama ilivyokuwa. Iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa la mafuta, na dumu la namna hiyo alilirudisha kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Madereva walimwamini. Waliporudi safarini walipita mezani kwake kumweleza chupa zake zimewafikisha wapi, kama wagonjwa wanavyomweleza mganga dawa yake imefanya nini. Mwanamke ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Carama, ukingoni mwa mji, kwa dada yake, aliijua nchi nzima kwa chupa: ngapi za kupanda mlima wa Bugarama, ngapi za kwenda Cibitoke kwa tambarare. Rumonge ilikuwa chupa kumi.

Chupa kumi hizo alimwekea mumewe, Uthmani, nyuma ya mlango. Kila Alhamisi Uthmani alikwenda Rumonge na Corolla yake nyeupe, peke yake na madumu matupu, akarudi kesho yake na mawese ya wafanyabiashara wa sokoni. Hakuchukua hata chupa moja ya ziada. Madereva wote walifanya hivyo wakati ule, na walikuwa na sababu: njiani kulikuwa na vizuizi, na penye kizuizi hapakosi kijana mwenye bunduki na mpira wa kunyonyea mafuta. Ukiwa na tangi lililojaa, umewajazia wengine. Ukiwa na ya kukufikisha tu, wanatazama mshale wa mafuta umelala, wanakutukana, wanakuachia upite. Ya kurudia ulinunua Rumonge, ambako boti za Kigoma zilishusha.

Kwa kubana mafuta, Uthmani alipita kiasi. Mteremko wowote aliushuka injini ikiwa imezimwa. Hata akirudi nyumbani alizima kule juu ya barabara, akaliacha gari liteleze lenyewe mpaka mlangoni, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumsikia akifika. Umekaa, mara kivuli cha gari kiko dirishani. Basi alipopotea, Adija alianza kuuogopa ukimya. Gari likinguruma nje alijua si yeye, akaendelea na kazi zake. Mtaa ukinyamaza, hata mchana kweupe, aliacha kazi, akageuka kutazama mlango.

Alipotea Alhamisi moja ya mwaka wa kwanza wa ambargo. Adija alikuwa Carama, dada yake akiumwa. Aliporudi alikuta chupa kumi zi tupu nyuma ya mlango na gari halipo, akaona mambo ni sawa. Kesho yake asubuhi, kwenye kona moja ukishapita Minago, msafara uliokuwa ukielekea Rumonge ulishambuliwa. Lori la chumvi na teksi tatu viliungua, na waliokuwamo walizikwa katika shimo moja bila mtu kuweza kusema huyu ni nani. Uthmani hakurudi Ijumaa, wala Jumamosi, wala tena.

Mama yake, bibi Khadidja, aliyekaa nao nyumba moja, alikuwa na hoja yake, na hoja yenyewe haikuwa rahisi kuivunja. Mwanawe aliondoka Alhamisi. Alikuwa na chupa kumi za Adija, na chupa kumi za Adija hazijamtupa mtu kabla ya Rumonge. Kwa hiyo jua la Alhamisi lilimkuta Rumonge. Walioungua walikuwa wa Ijumaa, tena walikuwa wakienda, si wakirudi. Uthmani alisikia huko huko kwamba njia imefungwa, akapanda boti kwenda Kigoma kama wengi walivyopanda, akaingizwa kambini, na siku yoyote atatokea.

"Mutoto wangu alipita," alisema. "Alipita siku moja mbele ya ule moto."

Watu walitumwa Rumonge kuuliza. Hakuna aliyemwona, lakini Rumonge ya siku zile ilijaa wakimbizi, nani angemkumbuka dereva mmoja? Kutoka Rumonge watu waliuliza mpaka kwenye ile kona ya moto. Katikati ya safari hakuna aliyeuliza, maana kila mtu aliipima njia ile kwa chupa za Adija. Neno marehemu likapigwa marufuku nyumbani. Shekhe alisema wangoje habari ya yakini. Adija hakukaa eda wala hitima haikusomwa. Hakuwa mjane, na mume hakuwa naye. Nguo za Uthmani zilifuliwa na kukunjwa upya kila mwezi, kwa amri ya bibi, ingawa hazikuvaliwa. Adija alichoka. Wakati mwingine alitamani waletewe maiti, yaishe, kisha akajichukia kwa kutamani hivyo.

Mwaka 1999 ulipoanza, ambargo ikaondolewa. Pampu zikarudi, na madereva ambao jana waliibusu chupa, leo wakaanza madaha. Huyu anaapa kwa kituo cha bango jekundu, yule anasema la buluu ndilo linalokwenda mbali, na huku lori lile lile limewajazia wote wawili. Meza ya Adija ikabaki na chupa chache za watu wa pikipiki. Ndipo alipokuja Bonfils.

Bonfils alikuwa dereva kama Uthmani, na rafiki yake. Alikimbilia Uvira wiki ile ile Uthmani alipopotea, na sasa alikuwa amerudi na Corolla yake, mkewe Ingrid, na mtoto wa kike. Alifika asubuhi amevaa shati la kanisani, ameshika kitenge kipya kilichofungwa kwenye gazeti.

"Shemeji, mi nimekuya kukushukuru," alisema. "Ilikuwa nikuye zamani, lakini vita."

"Unishukuru nini?"

"Zile chupa zako kumi. Ingrid alikuwa na uchungu, mutoto amelala vibaya tumboni, na mi sikuwa na hata tone la kumupeleka kwa daktari. Uthmani akanipatia zote. Akamimina mwenyewe mu gari yangu, akarudisha chupa ndani."

Adija alikuwa amesimama. Aliketi.

"Na yeye alikwenda na nini?"

"Yeye akaenda kutwaa ingine kwa lile pipa la pale sokoni. Nilimwambia, we, hii inanuka mafuta ya taa. Akacheka. Akasema gari yake inajua njia."

"Alinunua chupa ngapi?"

"Kumi," alisema Bonfils. "Si ni kumi kwenda Rumonge?"

Bonfils hakujua alichokuwa akikisema. Alimwona shemeji yake amefunika uso, akadhani ni furaha ya kukumbukwa, akamwekea kitenge mapajani.

Jioni Adija alimweleza mama mkwe wake yote, bila kupamba. Bibi Khadidja alisikiliza huku akivuta tasbihi.

"Hata hiyo ingemufikisha," alisema mwishoni. "Esansi ni esansi."

"Apana, mama. Iliyochanganywa inakula zaidi. Gari inakosa nguvu, dereva anakanyaga."

"Basi tutie hiyo hiyo mu gari ya Bonfils, twende tuone. Na mi nakuya."

Kwa hiyo Adija, ambaye hakuwahi kumharibia mtu mafuta, aliketi uani akaharibu ya kwake mwenyewe. Madereva wa zamani walimwambia kila mtu alijua pipa lile la sokoni: sehemu mbili esansi, sehemu moja mafuta ya taa. Alichanganya hivyo hivyo mpaka zikatimia chupa kumi. Bonfils alikausha tangi lake. Hakuwa na raha, maana sasa alikwisha kuelewa. Ndani ya buti waliweka madumu matupu kama ya Uthmani, na dumu moja la esansi safi ya kurudia.

Waliondoka askari walipofungua barabara ya kusini. Adija alikaa mbele, bibi nyuma. Tangu Kanyosha injini ilianza kugonga, na kwenye kila kilima kidogo ilikohoa, Bonfils akakanyaga, moshi mweusi ukabaki nyuma yao; kwenye kila mteremko aliizima, kama alivyofanya Uthmani. Ziwa lilikuwa upande wa kulia muda wote. Adija hakulitazama. Macho yake yalikuwa kwenye mshale, na midomo yake ilikuwa ikiomba. Muuzaji yule aliyewalaani wachanganyaji wote wa Bujumbura alikuwa akimwomba Mungu ayabariki mafuta machafu, ayafikishe Rumonge, Uthmani awe alipita, awe yuko Kigoma, awe hata ameoa mke mwingine huko na amewasahau. Hilo lingekuwa jambo dogo, angemsamehe kabla ya kumwona.

Kabezi wakaipita. Magara wakaipita, na bibi Khadidja akasema kwa sauti, "Munaona?" Adija aliona mshale umelala. Alianza kuitazama barabara mbele yake, kila mti na kila jiwe, akijua kwamba Uthmani aliitazama vivyo hivyo siku ile, akiwa peke yake, akisikia gari linakohoa, akipiga hesabu kwa chupa za mkewe na kuona hesabu inakataa.

Kabla ya Minago injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Bonfils hakugusa kitu. Gari liliteleza kidogo, likapunguza, likasimama kando ya michikichi. Adija alitambua kwamba amegeuka kutazama nyuma, kama afanyavyo nyumbani mtaa ukinyamaza.

"Ni gari yako ndiyo mbovu," bibi alimwambia Bonfils, lakini kwa sauti ndogo.

Walishuka. Walianza kuuliza nyumba kwa nyumba, mbele na nyuma ya pale liliposimama gari, na haikuchukua muda mrefu. Mwanamke aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa, aliwatazama, akamtazama Adija zaidi, akawaelekeza kwa mzee Sylvère, nyumba ya chini, yenye ua wa miti ya miyenzi.

Sylvère alikuwa akipalilia. Alipoona wageni wa mjini, na nyuma yao juu barabarani Corolla imesimama, aliweka jembe chini na kuvua kofia.

"Mumekuya kutwaa gari," alisema. Halikuwa swali.

Aliwapeleka nyuma ya nyumba. Aliondoa majani makavu ya migomba, akafunua mikeka iliyooza, na Corolla nyeupe ya Uthmani ikawa mbele yao, imekaa juu ya mawe.

"Magurudumu yalitwaliwa na wenye bunduki, munisamehe," alisema mzee. "Ingine yote iko. Ilizimika pale juu, Alhamisi, jua linazama. Tulisukuma na watoto wangu mupaka hapa. Mwenyewe alilala kwangu. Alikuwa mutu wa kucheka. Asubuhi lori la chumvi likapita, akapanda, akasema anaenda kutafuta esansi, atarudi mbele ya saa sita. Kisha tukasikia masasi ya bunduki, na sisi tukakimbia mulimani. Tuliporudi, miezi ilikuwa imepita. Niliogopa kuuliza. Gari ya mutu kwangu, wangesema mi ndiye nilimuua. Nikaifunika, nikasema, kama alipona, anajua nilipo."

Aliwatazama mmoja mmoja, kwa wasiwasi wa mtu aliyetunza amana muda mrefu na anataka kusikia imefika.

"Na mwenyewe?" aliuliza. "Mwenyewe iko muzima?"

Adija alifungua mdomo. Neno lile lililopigwa marufuku alikuwa nalo, alikaa nalo karibu miaka mitatu, alishalisema peke yake mara nyingi, bibi akiwa ameenda sokoni. Sasa halikutoka. Bonfils alikuwa ameshika ukuta, mgongo wake ukitikisika.

Bibi Khadidja alisogea akaweka kiganja juu ya paa la gari, akakiacha hapo.

"Amekufa, baba," alisema. "Mutoto wangu amekufa. Mungu akulipe kwa kumulaza." Kisha akamgeukia mkwewe. "Adija. Turudi, tumusomee hitima."

Adija alimkimbilia, akamshika mabega yale membamba, akamtikisa kama mtoto anayetikisa mtu aliyelala. "Apana, mama," alilia. "Apana. Sema alipita. Sema tena alipita."