Mto Unapitika

Kwetu Ufipa mto ni kitu cha kuvuka. Mtoni unachota maji, unafua, unanywesha ng'ombe, na kama shamba lako liko ng'ambo unavua viatu unavuka. Kwa hiyo walipokuja wageni wawili, mume na mke, na mitumbwi yao mifupi ya plastiki inayoitwa kayaki, wakasema wanataka kushuka na mito yetu kutoka huku hadi kule kwa kujifurahisha tu, mama yangu alicheka hadi akashika kiuno. Aliuliza kama huko kwao barabara zimeharibika.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na cheti cha utalii ambacho kilining'inia ukutani kwangu Izia, mjini Sumbawanga, miaka mitatu bila mtalii hata mmoja kubisha hodi, na hawa ndio walikuwa wa kwanza. Wakanichukua niwe mkalimani na mwandishi wa njia. Kazi yenyewe ilikuwa kuukata mto vipande na kila kipande kukipa daraja. Daraja la kwanza ni maji ya mtu anayejifunza, la pili ni ya aliyezoea, la tatu ni ya mtu anayejua anachokifanya. Pale mito inapoporomoka kutoka Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaolitazama Ziwa Rukwa, tuliandika kwa kalamu nyekundu: usiingie.

Sheria yao ilikuwa moja, na yule mgeni wa kike aliirudia kila asubuhi kabla ya chai. Usiandike daraja la kipande ambacho hujakitembea kwa miguu kando ya maji, mwanzo hadi mwisho. Kwenye kila karatasi kulikuwa na mahali pa kutia alama ya vema kuthibitisha kwamba umetembea.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, aliingia kwenye kazi hiyo kwa mabega. Alikuwa mkulima wa Kasense, mtu wa mahindi na ulezi, na mwanzoni alibeba mitumbwi tu. Ndani ya wiki mbili alikuwa anapiga kasia bwawani kunishinda mimi mwenye cheti. Alijifunza kupinduka makusudi na kuibuka tena, maji yakimtoka puani, akicheka. Dada alikuja na uji kwenye chupa, akakaa ukingoni akinung'unika kwamba amezaa watoto wawili na kuolewa na wa tatu. Wageni walipoondoka walituachia mitumbwi miwili, kofia ngumu na majaketi ya kuelea, nasi tukapatana kuanzisha kazi yetu wenyewe. Yeye angewaongoza watu majini, mimi ningeandika njia. Hakuwa mtu wa kujitosa ovyo. Karatasi zangu alizisoma kama anavyosoma masomo ya Jumapili, kwa kidole, mstari kwa mstari.

Kipande kimoja wageni hawakukiona. Kilikuwa bondeni, upande wa Kaoze, kati ya vivuko viwili vya ng'ombe. Nilikwenda peke yangu kwa pikipiki, nikaiacha barabarani karibu na kivuko cha juu, nikaanza kutembea. Mwanzo ulikuwa mzuri kweli. Mto ulikuwa mpana, mtulivu, una mchanga chini. Baada ya kama nusu saa yakaanza matete, kisha miiba, na jua la bondeni halina huruma na mtu aliyezaliwa kwenye baridi ya huku juu. Nilisimama nikajifuta jasho. Nikajiambia maji ni yaleyale. Nikarudi kwenye pikipiki na kutokea kivuko cha chini kwa barabara. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliimaliza kwa dakika kumi.

Kivukoni nilimkuta mzee mmoja mfugaji, wa zile familia zilizohamia huko na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Alikuwa amesimama ndani ya maji, fimbo begani, akivusha ndama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za utokako?"

"Njema. Natokea Sumbawanga. Naulizia huu mto, toka kivuko cha juu mpaka hapa. Unaweza kuwa daraja la ngapi?"

"Daraja?" Alicheka akiwa na meno machache. "Daraja tuliahidiwa zamani, halijaja. Sisi tunapita hivihivi."

Na mimi nikacheka. "Kwa hiyo unapitika?"

"Unapitika. Kule juu unapitika, na hapa unapitika. Si unaona hata ndama wanapita?"

Nikamshukuru. Nikaiweka karatasi juu ya tangi la pikipiki, nikaandika: daraja la kwanza. Halafu nikatia alama ya vema.

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa imeshiba, shemeji akataka kukijua kile kipande mwenyewe kabla hajampeleka mtu. Tulikodi pikapu, tukashuka bondeni. Kwenye kivuko cha juu alivaa jaketi lake, akafunga mikanda mmoja mmoja.

"Shemeji, njia yote umeitembea?"

"Yote."

"Mpaka chini?"

"We shemeji, si nimeandika?" Nilimjibu kwa ukali, kana kwamba ni mimi ninayeonewa.

Akasema sawa. Akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, akaongea na simu akicheka, kisha akanipa ile simu nimtunzie. Akaingia majini. Nilimwona akikunja kona ya kwanza, kasia likiingia na kutoka bila kelele. Nilimwonea fahari, na hilo nalo lazima niliseme.

Nikaenda na pikapu kumsubiri kivuko cha chini. Mzee yuleyule alikuwepo, tukasalimiana kama watu wanaofahamiana. Nusu saa ikapita, ikapita saa. Kisha mtumbwi ukaja, mwekundu, tumbo juu, polepole kabisa, ukapita katikati ya ng'ombe wake wakati wanavuka. Ng'ombe mmoja aliunusa.

Mzee aliutazama, akanitazama mimi. "Kulikuwa na mtu humo?"

"Shemeji yangu."

"Alikuwa anavukia wapi?"

"Hakuwa anavuka, mzee. Alikuwa anashuka nao kutoka kule juu."

Alishika kichwa kwa mikono miwili, fimbo ikaanguka majini. "Anashuka nao? Mwanangu, nani anashuka na mto? Kule katikati hakuna mtu anayekwenda. Kuna mkuyu umelala."

Vijana wake walitangulia na mapanga, wakifyeka matete. Hapakuwa mbali na pale nilipojifutia jasho nikageuka. Mto unaingia kati ya miamba miwili, unabanwa, unapata nguvu, na pale unapobanwa mkuyu ulianguka siku nyingi ukalala toka ukingo hadi ukingo. Maji yanapita chini, kwenye mizizi na matawi. Mtu hapiti. Lile jaketi la kuelea ndilo lililonasa. Walikata matawi matatu ndipo wakamtoa.

Kasense tulimzika chini ya mawingu, padri akaongea vizuri, kwaya ikaimba. Watu walisema ni ajali ya maji, na mimi nikasema ni ajali ya maji. Nilibeba jeneza upande wa mbele. Kila aliyenishika mkono na kunipa pole nilimchukia, kisha nikajichukia zaidi. Ile karatasi niliichoma jikoni kwangu asubuhi iliyofuata.

Siku ya arobaini, baada ya misa, watu wakiwa wanakula uani kwa dada, yule mzee akaingia. Alikuwa amepanda kutoka bondeni, amevaa koti zito la kuazima kwa ajili ya baridi yetu, mkononi kamba ya mbuzi, na dumu la maziwa ya mgando. Aliomba ruhusa ya kusema. Hakukaa.

"Mimi ni mgeni hapa," alisema. "Niliulizwa kama mto unapitika. Nikasema unapitika. Nilikuwa nafikiria kuvuka, sikuuliza mwenzangu anafikiria nini. Neno lile ni la kwangu. Nimekuja kwa mwenye msiba nimwombe anisamehe."

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka alipo, na sahani ya ugali wa ulezi mkononi. Lililonipasa kusema lilikuwa neno moja, sikutembea, wala halikuhitaji ufasaha. Nilikata tonge nikala. Dada akainuka, akaipokea kamba ya mbuzi kwa mikono miwili, akamwambia, "Baba, mimi sina neno na wewe." Mzee akalia mbele ya watu. Akaondoka kuwahi gari la kushuka, na mimi ndiye niliyemsindikiza hadi barabarani, nikiwa nimemshika mkono kama mtoto mwema.

Niliporudi watu walikuwa wametawanyika. Dada alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, nikachuchumaa nimsaidie.

"Kaka," alisema bila kuinua kichwa, "siku ile alinipigia akiwa juu ya kichuguu. Nilimwambia huo mto wa bondeni mie siutaki. Akanicheka. Akasema niache woga, wewe njia umeitembea yote kwa miguu."

Nikaendelea kusugua.

"Uliitembea?"

"Nusu."

Aliisuuza sufuria, akaifunika juu ya kichanja, akajifuta mikono kwenye kanga. "Nilijua tangu mzee wa watu anafungua mdomo. Nilikuwa nakungoja umkatize." Kisha akasema, "Nenda Kaoze ukamwambie. Ukishamwambia, ndiyo uje tena hapa."

Huu ni mwaka wa pili. Wapwa zangu nawaona kanisani, wananiamkia kwa mbali. Kaoze ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi, na asubuhi nyingi nimevaa viatu nikafika hadi stendi. Sijaenda.

Mwezi uliopita nilimuuliza dereva wa gari la huko kama anamfahamu yule mzee. Alisema yupo, ila amebadilika. Mtu akimuuliza kama mto unapitika, anajibu kwamba hajui. Hata ndama wake mwenyewe siku hizi hawaachii wavuke. Anatangulia yeye majini na fimbo, anapapasa chini hatua kwa hatua hadi ng'ambo, halafu anarudi kuwachukua.