Nilivyomfundisha Mume Wangu Wafalme wa Uingereza

Mume wangu hakuwa mtu wa vitabu. Hilo nililijua tangu Lubumbashi, na sikuolewa naye kwa ajili ya vitabu. Mimi ndiye niliyemaliza sekondari. Yeye aliishia njiani, akaja Johannesburg, akawa mlinzi kwenye duka la fanicha. Nikamfuata, nikaanza kusuka nywele kwenye saluni mtaa wa Yeoville. Binti yetu alizaliwa hapa. Alipoanza kusimama kwa kushika kiti, baba yake akaondoka kwenda Uingereza.

Aliniambia anaenda kuomba ukimbizi. Atangulie yeye, karatasi zikikamilika atuite. Mizigo yake niliifunga mimi mwenyewe, nikamwekea na sombe, majani ya muhogo yaliyokaushwa, ili asisahau ladha ya nyumbani.

Miaka ikapita kwa simu za Jumapili. Mwaka 2018 akaja na habari: kumebaki kitu kimoja tu, mtihani.

"Mtihani wa nini?"

"Wa historia yao, mama. Wafalme, vita, watu wao maarufu, nani alivumbua nini. Nikishinda hapo, mambo yamekwisha."

"Na sisi?"

"Si ndiyo nakuambia? Mambo yamekwisha."

Hakusema atatuita. Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi, na hakusema. Mimi ndiye niliyesikia.

Akaanza kunitumia picha za kurasa za kitabu chao, moja moja, kwenye simu. Alikuwa analia kwamba hazikai kichwani. Akisoma leo, kesho yule mfalme aliyekatwa kichwa amekuwa mvumbuzi wa treni. Nikamwambia, acha, nitakufundisha kama tulivyofundishwa.

Kwetu shuleni hatukufundishwa kuelewa, tulifundishwa kukariri. Mwalimu wetu alichukua wafalme wa Ubelgiji, mito ya Kongo, madini ya Katanga, vyote akavitia kwenye nyimbo za kwaya. Tulipiga makofi tukaimba mpaka mtu akiamshwa usingizini anataja mito yote bila kukosea. Mpaka leo siwezi kukuambia mto fulani una faida gani, lakini naweza kukuimbia mahali unapoanzia.

Tatizo lilikuwa Kiingereza. Mimi nimesoma kwa Kifaransa, Kiingereza changu ni cha kuuliza mteja anataka rasta nene au nyembamba. Binti yangu ndiye mwenye Kiingereza. Kiswahili anakisikia lakini anakujibu kwa Kiingereza, na akikasirika anahamia Kizulu. Basi akitoka shule anakuja saluni, anapanda kwenye kiti kirefu, ananisomea ukurasa wa baba. Anasoma, ananieleza, mimi nasuka na kutunga kwa Kiswahili, maneno ya mtihani nikiyaacha kwa Kiingereza. Jioni ninaimba kwenye simu na kumtumia.

Nilitunga nyingi. Nilimtungia malkia aliyekataa kuolewa mpaka akafa, na malkia mwingine aliyevaa nguo nyeusi miaka yote baada ya kufiwa na mume. Nilimtungia moto ulioanzia kwa mwoka mikate ukateketeza mji mkuu. Nilitunga wa daktari aliyekuta dawa kwenye ukungu wa sahani chafu, na wa wale mama waliojifunga minyororo kwenye vyuma vya uzio wakitaka kupiga kura. Huo wa mwisho saluni nzima iliupenda, tuliuimba hata tukiwa hatufanyi mtihani wowote.

Lakini aliyetuchekesha ni yule mfalme wa wake sita.

"Sita?" aliuliza mteja mmoja, nusu ya kichwa imesukwa. "Na kanisa lilisema nini?"

"Lilimkataza kumwacha wa kwanza. Akajitoa, akaanzisha la kwake."

"Hee! Basi huyo ni mchungaji wa Yeoville kabisa!"

Tulicheka mpaka mwenye saluni akatufokea. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye kikwetu namwita yaya, alikuwepo siku hiyo. Anakaa Joubert Park, lakini Jumamosi alikuja nimsuke bure, na Jumapili alikuja nyumbani kula bukari, ugali wa kwetu. Naye alicheka. Alijua nyimbo zote. Wa wafalme alikuwa anaupigia makofi, na mtoto akicheza katikati ya chumba.

Mume wangu akashinda. Alituma sauti anapiga kelele, "Tumeshinda! Tumeshinda, mama!" Na mimi nikasimama kanisani kushuhudia. Nilisema Mungu amefungua mlango wa Uingereza, watu wakasema amina, wanawake wakanirushia vitambaa. Kiti changu cha saluni, kile cha karibu na dirisha ambapo wateja wanakuona kutoka barabarani, nilimwachia msusi mwingine. Nilisema ya nini kung'ang'ania kiti, Krismasi hatupo. Binti yangu akawaaga wenzake darasani. Mwalimu wake akanipigia kuuliza tunahama lini.

Basi siku moja akaja mama mmoja Mrundi, mteja mpya, anataka msuko wa twende kilioni. Kaka yake yuko Uingereza. Nikaona raha, nikaanza kujisifu habari za mtihani.

"Mume wako aliingia kwa njia gani?" akauliza.

"Ukimbizi."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Kaka yangu ndiye mkimbizi, dada. Amepewa karatasi ya kukaa moja kwa moja, na hakuulizwa mfalme hata mmoja. Labda baadaye, akitaka uraia. Kwa karatasi ya kukaa, mtihani ule ni wa walioingia kwa kazi. Au kwa ndoa."

"Labda ya kazi," nikasema.

"Labda," akasema, na akaniangalia kwenye kioo. Yule mama hakuniangalia kwa dharau. Alinihurumia, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilimaliza kichwa chake vibaya, twende kilioni moja imepinda, akalipa akaondoka.

Sikumpigia mume wangu. Nilipanda teksi mpaka mjini, nikatembea hadi Joubert Park, nikapanda ngazi za wifi yangu maana lifti yao imekufa tangu sijui lini. Alinifungulia akiwa na khanga kifuani.

"Karibu wifi, mbona bila simu?"

"Yaya, ndugu yako aliingia Uingereza kwa njia gani?"

Alianza kutafuta kiti cha kunipa. Viti vilikuwepo viwili na vyote vilikuwa wazi. Alivihamisha.

"Kaa kwanza."

"Sikai. Njia gani?"

"Wifi, wanaume ni watu wa..."

"Njia gani, yaya?"

"Ndoa," akasema.

Nilifikiri ataniambia kuna mwanamke alimkuta kule, baridi, upweke, yale maneno tunayoambiana. Kumbe hapana. Alifunga ndoa hapa hapa Johannesburg, ofisini kwa serikali, na saini, kabla hajaondoka. Ndoa yetu sisi ni ya kimila, ya mahari na wazee, haimo kwenye kompyuta ya mtu. Kwa serikali alikuwa kijana hajaoa. Mwanamke ni yule mzungu aliyekuja kujitolea kufundisha watu Kiingereza kwenye ukumbi wa kanisa. Nikamkumbuka. Alikuja nyumbani kwangu mara moja. Alikula sombe yangu, akaomba aongezwe, akampakata mtoto wangu.

"Alikuja kwangu, yaya. Alikaa kitandani kwangu. Anajua kwamba huyo ni mume wangu?"

Wifi yangu akaangalia khanga yake.

"Alimwambia wewe ni dada yake."

"Nani?"

"Wewe. Kwamba mumeo alikufa Kongo, na yeye ndiye anayekutunza wewe na mtoto."

Abrahamu naye alisema mkewe ni dada yake, kule Misri. Lakini Abrahamu aliogopa kuuawa. Huyu wangu nani alitaka kumuua?

"Na wewe ulijua siku zote."

"Wifi, nilikuwa shahidi," akasema, sauti ndogo. "Walihitaji mtu wa familia asaini. Alisema atakaa mwaka mmoja, amwache, awaite. Halafu wakazaa mtoto wa kiume. Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia siku ya kwanza uliyokuja kula bukari yangu! Ungeniambia ukiwa unapiga makofi! Umekaa pale, mtoto wa ndugu yako anacheza, anamwimbia baba yake wafalme ili baba yake akae vizuri na mke wake, na wewe unapiga makofi?"

"Usipige kelele, majirani."

"Majirani wako wote wasikie!"

Na walisikia. Mlango wa pili ulifunguliwa, mama mmoja akachungulia, akasema "eish" akaufunga. Nilimwambia wifi yangu kwamba mahari ililetwa kwa baba yangu na wazee wao, wakala, wakanywa, wakaapa. Wanaotaka kuivunja ndoa warudi walikoapia, wakae mbele ya baba yangu, waseme sababu. Akasema wazee wengi wamekufa. Nikamwambia waliobaki wanatosha.

Jumapili nilimpeleka mtoto kwa jirani mapema. Sikutaka awe mkalimani wangu kwenye hilo. Simu ikalia saa ile ile ya siku zote.

"Mama, habari za ibada?"

"Nzuri, kaka."

"Kaka tena?"

"Si mimi ni dada yako? Mjane? Mume wangu alikufa Kongo, sijui ugonjwa gani, labda wewe unajua."

Hakusema si kweli. Hakuniuliza nina wazimu gani. Alisema, "Nani amekuambia?"

"Shahidi wako."

"Sikiliza. Ile ilikuwa njia tu. Ni karatasi."

"Karatasi imezaa mtoto?"

"Punguza sauti, tafadhali. Nilikuwa natafuta namna. Na zile nyimbo, mama, Mungu anajua, bila wewe nisingeshinda. Huyu mwanamke alikuwa ananiuliza maswali mezani, mimi naimba moyoni, najibu. Alishangaa kabisa."

Alikuwa ananishukuru. Naapa, mtu huyu alifikiri hapo ananipa kitu.

"Yule mfalme wako," nikamwambia, "alitaka kumwacha mkewe, akagombana na kanisa la dunia nzima, mbele ya watu, kila mtu akajua. Alikuwa mbaya, lakini mkewe alijua ameachwa! Wewe umeshindwa kunitumia hata ujumbe. Picha za kitabu ulituma. Za kurasa zote."

Akaanza kulia, au kujifanya. Ndipo nikasikia nyuma yake sauti ya mwanamke, ya furaha, Kiswahili cha kujifunza: "Ni dada? Habari dada!"

"Mpe simu," nikasema.

"Nitakupigia baadaye."

"Mpe simu."

"Mama, usiharibu. Nikiharibikiwa mimi hata nyinyi hamtapata kitu."

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele kwa Kiingereza changu kile kibovu ili kipite kwenye simu mpaka kwa yule mwanamke popote alipokaa: mimi si dada, mimi ni mke, mtoto ni wake, muulize dada yake mkubwa. Sijui maneno yalitoka vipi. Mke na mume kwa Kiingereza niliyajua vizuri, nilikuwa nimeyaimba mwaka mzima. Simu ikakatika katikati.

Nilikaa kitandani. Nje teksi zilikuwa zinapiga honi, kanisa la ghorofa ya chini bado walikuwa wanaimba. Nilifikiri basi, ndiyo mwisho, atabadilisha namba, na mimi nitamwambia nini mtoto, na kesho nitamwomba vipi yule msusi anirudishie kiti.

Simu ikalia tena. Namba ile ile. Nikapokea tayari kwa matusi.

Alikuwa mwanamke. Hakuwa na furaha tena. Aliongea Kiingereza taratibu, kama anavyoongea mwalimu na mtu asiyejua, akaniambia nirudie nilichosema, neno moja moja.

Nikarudia. Mke. Si dada. Mke. Mtoto ni wake.

Akauliza kama ni yule mtoto aliyempakata. Nikasema ndiyo. Nikasikia mlango unafungwa huko kwao, na mume wangu upande wa pili wa mlango ananiita kwa Kiswahili, kwa sauti ya kubembeleza, usimwambie, mama, nakuomba, usimwambie chochote.

Akauliza mtoto ana miaka mingapi.

Nikamwambia.