Majina Aliyokataa Kuyataja Eneida

Eneida Quiñones alikuwa mshonaji wa magauni ya arusi mtaani kwetu, magharibi ya Chicago. Jumamosi aliwafundisha watoto wetu Wapuerto Riko kusoma Kihispania katika ukumbi wa kanisa, na jioni tuliobaki tulizungumzia uhuru wa kisiwa chetu kutoka kwa Marekani, tukibishana mpaka mlinzi achoke na sisi.

Mwaka 1977 wapelelezi wa serikali, waliokuwa wakiwachunguza wapigania uhuru wa kisiwa, walimletea hati ya kufika mbele ya jopo la mashtaka, wale raia ishirini na watatu wanaoketi faraghani kuamua nani ashtakiwe. Wakili wake aliachwa kwenye ujia, maana mawakili hawaruhusiwi mle ndani. Mwendesha mashtaka alitaka kujua jambo moja: nani huhudhuria mikutano ya ukumbini? Akakataa kujibu. Wakampa kinga, kwamba lolote atakalosema halitatumika dhidi yake, na kwa kinga hiyo wakamnyang'anya haki ya kunyamaza. Akakataa tena. Jaji akamwambia kwamba hamwadhibu. Atakaa ndani tu mpaka aseme, au mpaka muda wa jopo uishe. Ulikuwa umebaki miezi kumi na minne.

Mama yake, Bi Providencia, alikuwa na ugonjwa wa moyo, lakini kila Jumanne alipanda mabasi mawili kwenda kumwona. Nilikuwa nikimsindikiza. Siku moja aliinamia kioo kilichowatenganisha.

"Neida, wataje tu. Kwani wameua mtu?"

"Hawajaua, Mama. Wanakuja kubishana."

"Sasa kuwataja kuna ubaya gani?"

"Nikimtaja mmoja, kesho atakalishwa kwenye kiti kile kile. Naye ana mama."

Bi Providencia akamuuliza kama anakula vizuri. Njiani aliniambia kwamba binti yake ni mkaidi kama marehemu baba yake. Alisema hivyo akijaribu kucheka, huku anajifuta macho.

Mwezi wa Januari Bi Providencia alianguka jikoni, maharage yakiwa bado motoni. Hakuamka. Wakili aliomba Eneida aruhusiwe siku moja tu amzike mama yake. Wakamjibu kwamba ataruhusiwa, ila ajibu maswali kwanza. Eneida akaomba apewe usiku ule afikiri. Asubuhi walimkuta amekaa vile vile walivyomwacha, macho yamevimba. Akasema hatajibu.

Tulizika kwenye theluji. Kaka yake Eneida, Anselmo, alisimama peke yake mbele ya jeneza na hakutaka kushikwa mkono na yeyote kati yetu.

Muda wa jopo uliisha bila mtu hata mmoja kushtakiwa. Nilikwenda kumpokea Eneida. Kitu cha kwanza alichouliza ni mama yake alizikwa na gauni gani. Nikamwambia kwamba Anselmo alimnunulia la dukani. Tukaenda moja kwa moja kwa Anselmo, akagonga. Anselmo alifungua kidogo, mnyororo ukiwa bado mlangoni.

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema, Neida," alimwambia, akafunga.

Eneida alirudi kwenye cherehani, lakini maharusi wengi waliogopa kuonekana wakiingia kwake. Miaka mingi baadaye wakili aliniambia alichokisikia kwa Eneida siku ile alipotoka mbele ya jopo: jina la kwanza waliloulizia lilikuwa langu. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Eneida, nikasimama mlangoni. Alinisogezea kiti, akaendelea kupinda upindo.