Santuri Iliyoimba Bila Kamani

Sitakuapia. Watu ninaowajua wanaoapa sana ndio hao hao wanaodanganya sana. Nitakueleza tu ilivyokuwa, nawe utaamua. Ninachokuomba ni kimoja: usiniambie nilisinzia, wala usiniambie jua la Kililana lilinipiga utosini. Hayo yote nimeshayafikiria kabla yako. Mimi ni mtu wa kufikiria mno, na hilo ndilo tatizo langu.

Mimi ni msichana wa Amu, mji wa kisiwani Lamu, na Jumamosi hupiga nyimbo za zamani kwa santuri kwenye maonyesho ya magari ya kale. Cheka tu. Mama hucheka kila nikitoka mlangoni. "Mtu wa mji wa punda," husema, "magari yakuhusu nini?" Lakini ng'ambo, upande wa bara, magari yapo, na tangu ijengwe barabara ya kwenda bandarini, wenye magari makuukuu hukutana Kililana, wakayapanga uwanjani na kuyapiga rangi ya kuvuta macho ya watu. Nyimbo za redio za leo haziendani na magari yale. Ndipo wakaniita mimi.

Santuri yangu haitumii umeme. Ni sanduku la mbao, juu lina tarumbeta, ubavuni lina mkono wa kuzungusha. Ndani mna utepe wa chuma uliojikunja kama ule wa saa ya ukutani. Huo ndio kamani. Ukizungusha mkono kamani hujikaza, kisha hujikunjua polepole na kuizungusha sahani ya nyimbo. Kamani ikikatika, huna santuri tena, una kabati. Niliipata kwenye nyumba iliyokuwa ikivunjwa, tarumbeta lake wakilitumia kumiminia mafuta ya taa. Nikajifundisha mwenyewe, kwa kutazama kwenye simu na kwa kuharibu. Na kwa kuwa sikufundishwa na mtu, kila siku nahisi kuna jambo ambalo watu wote wanalijua isipokuwa mimi. Ndiyo maana nafuta sahani mpaka kitambaa kinachakaa, nabadilisha sindano kila wimbo, na sauti ikilegea kidogo tu, viganja vyangu vinatoka jasho. Wengine hawasikii. Mimi nasikia, na usiku silali.

Sasa sikiliza. Siku chache kabla ya maonyesho nilipigiwa simu kutoka Siyu.

"Wewe ndiwe mwana wa santuri?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Bi Khadija. Nna sahani yangu, mwanangu, ya harusi yangu. Sijapata kuusikia mwisho wake."

Alinihadithia. Siku ya harusi yake mumewe alikodi lori, akaazima na santuri, ikawekwa nyuma ya lori ipige njia nzima. Aliyekuwa akiizungusha ni utingo wa lori lile, kijana aitwaye Bakari, hodari wa kuwasha lori kwa hendeli, ule mkono wa chuma unaotiwa mbele ya injini na kuzungushwa. Njiani lori likatumbukia shimoni, santuri ikapinduka, wimbo ukakatika karibu na mwisho. Bakari akapiga kelele kutoka nyuma, "Bi harusi, niwie radhi! Nitakumalizia siku nyingine!" Watu wakacheka. Hakuwahi. Homa ilimchukua mwaka ule ule. Santuri ikarudi kwa mwenyewe, na sahani ikabaki kwa Bi Khadija, imefungwa kwenye kanga, ndani ya sanduku, miaka yote hiyo.

"Mume wangu naye ashakwenda," akasema. "Mato yangu hayaoni tena. Mashikio yapo. Nifanyie hilo, mwanangu."

Nikamwahidi. Na kwa alivyolieleza lori lile nikalitambua: hata lori lenyewe, nikamwambia, litakuwepo. Mutua, fundi mmoja kutoka Ukambani anayefanya kazi bandarini, alikuwa amelitoa vichakani kwenye kijiji cha Hindi na kulifufua, pua yake ndefu, tundu la hendeli mbele kama zamani.

Je, wajua nilifanya nini asubuhi ya maonyesho? Nilizungusha mkono kuijaribu. Ikaimba vizuri. Nikazungusha tena, kuhakikisha. Kisha nikasema, hebu kidogo tu, ili isije ikalegea katikati ya wimbo wake. Tak! Kitu kikaruka ndani ya sanduku, na mkono ukazunguka mtupu, mwepesi, kama kijiko kwenye kikombe cha chai. Nilikaa chini mchangani. Sikumwambia mtu.

Bi Khadija akafika kabla ya adhuhuri, Mutua amemshika mkono, sahani kifuani.

"Madam DJ, mgeni wako huyu," Mutua akasema. "Amevuka maji na kupanda bodaboda, na bado ananikosoa rangi ya lori na haioni!"

"Wasema kijani," Bi Khadija akamjibu. "Lilikuwa buluu. Mtu huulizwa kabla ya kupaka."

"Nitapaka tena, shosho, bibi yangu. Usiniroge tu."

"Mimi si shosho yako. Enda ukale."

Adhana ikalia. Wanaume wakaenda msikitini, Mutua na wenzake wakafuata harufu ya pilau, uwanja ukabaki mtupu chini ya jua. Bi Khadija alisali amekaa kitini, chini ya turubai, kando ya lori. Mimi siku hizo sikuwa na sala, basi nikasimama nikiipanga sentensi yangu. Bibi, nisamehe, imeharibika. Maneno matatu tu. Alipotoa salamu, nikafungua mdomo.

"Imekuzimikia?"

Si sauti yangu, wala si yake. Kijana alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, shati la kaki lenye madoa ya mafuta, kofia ya kufuma imesukumwa nyuma. Nilidhani ni mmoja wa mafundi wa Mutua. Niamini, sikuogopa hata kidogo. Tulifundishwa udogoni kwamba jini hujulikana kwa kwato, basi nikamtazama miguu. Miguu ya mtu, yenye vumbi, kama yako. Jambo moja tu sikulielewa: upepo ulikuwa ukivuta turubai na buibui langu, na shati lake limetulia kama limening'inizwa ndani ya nyumba.

"Imechoka tu," nikadanganya.

"Tia sahani," akasema. "Nipa mkono."

Kwa nini nilitii? Sijui. Nikaitia sahani, nikabadilisha sindano. Akaushika mkono wa santuri kwa mkono wa kushoto, na nikaona jambo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya: kidole gumba hakukizungusha upande wa pili, alikilaza pamoja na vidole vingine. Akaanza kuzungusha. Nami nikasikia kamani ikijikaza, kri, kri, kri. Kamani ile ile niliyoisikia ikikatika asubuhi.

Wimbo ukaanza. Udi, ngoma, na mwimbaji mwanamke, sauti yake kama anaimba ndani ya mtungi. Bi Khadija akainamisha kichwa. Katikati ya wimbo, jambo ninaloliogopa kuliko yote likatokea: sauti ikalegea. Mwimbaji akashuka chini, chini, kama mtu anayesinzia. Nikanyoosha mkono niisimamishe. Yule kijana hakushtuka. Akazungusha mizunguko michache huku wimbo unaendelea, na sauti ikapanda tena, ikakaa sawa.

Bi Khadija aliinua uso.

"Bakari," akasema.

Hakuuliza. Alisema kama unavyosema jina la mtu aliyeingia chumbani.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akizungusha," akaniambia, mimi, kwa sauti ndogo. "Huiwata, huiacha ikalegea, kisha huiamsha. Siku ile aliiamsha papo hapo, kwenye neno lilo hilo. Bakari, ni wewe?"

Kijana aliinamia santuri. Uso wake ulikuwa kwenye sahani, anaitazama kama mtu anayeendesha gari kwenye njia mbovu. Lakini wallahi (haya, nimeapa) nilichokuwa nikikiomba ndani ya moyo si kwamba aondoke. Nilimwomba Mungu asiondoke kabla ya wimbo kwisha.

Haukukatika. Mwimbaji alimaliza ubeti wa mwisho, udi ukanyamaza, na kabla sindano haijafika katikati, ndani ya sahani ile, mwimbaji akakohoa. Kikohozi kidogo, cha koo lililokauka. Basi. Ndio mwisho.

Bi Khadija alicheka mpaka akashika ubavu. "Ya Rabbi! Miaka yote hii nangoja kikohozi!" Akacheka, akalia, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ahsante, Bakari. Ushanimalizia. Enda zako, baba, enda upumue."

Kijana akaachia mkono wa santuri. Akatembea mpaka mbele ya lori, akainama pale kwenye tundu la hendeli, kama mtu anayetaka kuliwasha. Hakuinuka. Nilizunguka mbele. Hapakuwa na mtu. Nikagusa chuma cha lori. Jua la adhuhuri, turubai halikufika pale, na chuma kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Bi Khadija akaniambia tumsomee Fatiha. Tukasoma.

Mutua aliporudi nilimwambia ukweli wa asubuhi, ule wa kamani tu. Akachukua bisibisi, akafungua sanduku. Utepe ulikuwa vipande viwili, ncha zake zinang'aa.

"Dada, hii haiwezi kuimba hata amina," akasema. "Na kule hotelini tumesikia wimbo mzima. Mlipiga na nini?"

Nikamwuliza nami langu: mtu anayeshika hendeli, gumba huliweka wapi? Akanionyesha hapo hapo, amelilaza pamoja na vidole. "Hivi. Ukilizungusha upande wa pili, injini ikirudisha teke, gumba limekwenda. Nani amekufundisha?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta sahani. 

Santuri ina kamani mpya sasa, aliitia fundi wa saa wa Amu. Bi Khadija yupo, alhamdulillahi, na lori limepakwa buluu. Aliniletea kutoka Siyu kipande cha ngozi, kimeshonwa vizuri, nikivishe kwenye mkono wa santuri. Nimekivisha. Nami siku hizi nikizungusha, gumba nalilaza. Sauti ikilegea, naiacha ilegee kidogo, kisha naiamsha, na viganja vyangu vimekauka. Nalala usiku. Kwa hilo peke yake ningemshukuru maisha yangu yote, mtu ambaye sikumpa hata maji ya kunywa.

Lakini nikuonye. Ukiwa na nyimbo za watu mkononi, usikate wimbo kabla haujafika mwisho, hata mvua ikinyesha, hata wakikupigia kelele ubadilishe. Huwezi kujua nani ameahidiwa mwisho wake. Na mtu usiyemjua akikujia adhuhuri, uwanja mtupu, akakuambia umpe mkono wa santuri, usimwulize ni mtoto wa nani. Mpishe. Kisha ukae kimya mpaka usikie kikohozi.